Habari za Kinjikitile wa Ngarambe katika Nchi ya Rufiji

Katika kitabu hiki cha yubilei yatupasa kuwakumbuka na watu wa kale wa nchi hii, hata wasiokuwa wa dini yetu, maana habari zao zimegusana na habari za misioni. Mmoja wao ni Kinjikitile Ngwale, ambaye wengine humwita Kinjeketile, mganga wa kijiji cha Ngarambe.

Kwanza tuieleze nchi yake. Mto Rufiji hupata maji yake kutoka mito ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Hushuka mpaka nchi tambarare, na mwisho hugawanyika katika midomo mingi yenye mikoko, ukiingia baharini kuelekea kisiwa cha Mafia. Kaskazini ni Kibiti. Kusini ni vilima vya Umatumbi, na Ngarambe iko upande huo huo wa kusini. Mto hufurika wakati wa masika na kuacha tope lenye rutuba. Watu hupanda mpunga wakati wa mvua, na maji yakipungua hupanda tena katika unyevu uliobaki, kilimo kiitwacho mlau. Lakini maji hayo hayo huharibu pia, kama yalivyowahamisha wengi wa Rufiji na Kibiti mwaka 2024. Basi si ajabu kwamba watu wa zamani walitafuta nguvu katika maji.

Tangu mwaka 1902 serikali ya Wadachi iliamuru pamba ilimwe katika mashamba ya shirika, chini ya maakida na majumbe. Watu waliacha makonde yao kwenda kulima pamba. Malipo yalikuwa haba, viboko vilikuwa vingi, na kodi ilidaiwa vile vile.

Hata mwaka 1904, wazee husimulia, Kinjikitile alishikwa na pepo aitwaye Hongo, akazama katika maji ya kijito. Siku ya pili akatoka, na nguo zake zilikuwa kavu. Tangu hapo alitoa dawa ya maji, na mbegu za mtama, akiwaambia watu kwamba risasi za Wadachi zitageuka maji. Habari zikaenea kwa siri, na watu wakaja Ngarambe makundi kwa makundi. Hivyo makabila yasiyopatana zamani yakawa na nia moja.

Wamatumbi hawakungoja amri yake. Mwishoni mwa Julai 1905 waling'oa pamba huko Nandete, na vita vikaanza. Kinjikitile akakamatwa, akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Walakini kifo chake hakikuzima moto. Tarehe 14 Agosti, karibu na Liwale, Askofu Cassian Spiss aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Misioni za Nyangao, Masasi na Peramiho ziliharibiwa. Tarehe 30 Agosti Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Mahenge, na bunduki za bombomu zikawafyeka; dawa haikuwasaidia neno.

Kisha serikali ikachoma vijiji na vyakula, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Vita vilikwisha mwaka 1907. Wadachi walihesabu maiti 75,000. Wataalamu wa siku hizi hukadiria hata 250,000 na zaidi. Kilimo kile cha shuruti kikaachwa.

Twasemaje basi juu ya mtu huyu? Dawa yake iliwadanganya watu, na maelfu walikufa kwa kuiamini. Lakini uchungu wa watu wake haukuwa uongo: walidhulumiwa kweli, wala hapakuwa na mahali pa kupeleka mashtaka yao. Wamisionari waliouawa hawakuwapiga watu viboko, bali walihesabiwa pamoja na wenye kupiga, kwa kuwa walikuwa wageni wa rangi moja nao.

Enyi waalimu, wafundisheni watoto mambo yote mawili, wala msifiche moja kwa kulipenda jingine. Nanyi Wakristo, mkiwaombea mashahidi wetu, wakumbukeni na wakulima wa Rufiji na Umatumbi waliokufa bila kaburi kujulikana. Mungu awarehemu wote.