Adolphe Kégresse, fundi wa mkanda mmoja

Mwaka 1925 magari manane ya aina isiyozoeleka yaliingia Kampala yakitokea Algeria. Mbele yalikuwa na magurudumu ya kawaida. Nyuma, mahali pa matairi, palikuwa na mikanda mipana ya mpira inayozunguka juu ya vigurudumu vidogo. Kutoka hapo msafara uligawanyika makundi manne. Moja lilipita Nairobi hadi Mombasa, la pili likakata Tanganyika hadi Dar es Salaam, la tatu likaelekea Msumbiji, na la nne likaenda mpaka Cape Town.

Magazeti ya Ulaya yaliyaandika majina ya viongozi wa msafara, Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil, pamoja na jina la mwenye kiwanda, André Citroën. Jina la fundi aliyebuni ile mikanda lilisomwa na wachache. Aliitwa Adolphe Kégresse, na wazo lake lilikuwa jepesi kiasi kwamba leo linaonekana hata katika kifaru cha plastiki anachonunuliwa mtoto sokoni.

Kégresse alizaliwa mwaka 1879 katika mji mdogo wa Héricourt, mashariki ya Ufaransa, karibu na mpaka wa Uswisi. Alisomea ufundi wa mitambo, na mwanzoni mwa karne ya 20 akaenda Urusi kutafuta kazi. Huko St. Petersburg ufundi wake ulimfikisha kwenye gereji ya Mfalme Nicholas II, akawa msimamizi wa magari ya ikulu.

Kazi ilikuwa nzuri, lakini kila mwaka theluji ilimletea tatizo lile lile. Matairi ya wakati huo yalikuwa membamba. Gari lilipoingia kwenye theluji laini lilizama hadi kwenye ekseli na kukwama. Sababu yake anaijua kila dereva aliyewahi kunasa kwenye tope wakati wa masika: mzigo wote unakaa juu ya vipande vinne vya ardhi, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kiganja au zaidi kidogo. Ardhi laini haiwezi kuubeba. Dawa yake ni kuutandaza uzito huo juu ya eneo kubwa.

Dawa hiyo haikuwa mpya. Huko California, Marekani, Benjamin Holt alikuwa amejaribu trekta lake la minyororo mwaka 1904. Ndiyo asili ya mashine ambazo Afrika Mashariki nzima huziita katapila. Lakini mnyororo wa trekta ulikuwa na gharama zake. Uliundwa kwa vipande vingi, kila kipande kikiunganishwa na mwenzake kwa pini. Kila pini ilisagika kwa mchanga, na kila kiungo kilihitaji grisi. Mnyororo ulikuwa mzito, wenye kelele na wa mwendo wa polepole. Kwa trekta la kulima halikuwa tatizo kubwa. Kwa gari dogo la abiria, mnyororo wa namna hiyo ungemaliza nguvu yote ya injini kabla gari halijabeba chochote.

Kégresse akafuata njia nyingine. Hakujaribu kutengeneza mnyororo bora zaidi, bali aliuondoa kabisa. Mahali pa vipande na pini aliweka mkanda mmoja usio na kiungo, unaojipinda wenyewe. Upande wa ndani wa mkanda ulikuwa na vinundu vinavyopita katikati ya vigurudumu pacha, ili usichomoke pembeni. Upande wa nje ulikuwa na mabonde ya kung'ata ardhi. Mkanda haukuhitaji grisi wala pini, na mfumo wote uliweza kufungwa kwenye gari la kawaida kwa kuondoa magurudumu ya nyuma. Alianza kuujaribu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na magari ya ikulu yakaanza kupita juu ya theluji iliyokuwa ikiyashinda.

Mwaka 1917 mapinduzi yakamwondoa mfalme. Kégresse akatoka Urusi na kurudi Ufaransa kupitia Finland. Gereji, magari na kazi ya miaka mingi vyote vilibaki nyuma. Waliochukua madaraka hawakuitupa kazi yake. Gari la Rolls-Royce alilotumia Lenin lilifungwa mikanda ya Kégresse ili apite kwenye theluji, na hadi leo limehifadhiwa kwenye makumbusho ya Gorki, karibu na Moscow. Mwenye wazo, aliyekuwa akikaribia umri wa miaka 40, alilazimika kuanza upya.

Huko Ufaransa alishirikiana na mfanyabiashara Jacques Hinstin, na kwa pamoja wakampelekea wazo hilo André Citroën. Citroën alikuwa anatafuta jambo la kuwafanya watu wazungumze kuhusu magari yake, akaona hapa amelipata. Desemba 17, 1922 magari matano yenye mikanda yaliondoka Touggourt, Algeria, na Januari 7, 1923 yakafika Timbuktu. Jangwa la Sahara, ambalo msafara wa ngamia ulilivuka kwa miezi, lilivukwa na magari kwa wiki tatu.

Mwaka huo huo wa 1923 Citroën alianza kuuza magari ya kuchezea yaliyofuata umbo la magari yake ya kweli, na baadaye magari ya mikanda nayo yakapata watoto wake wa bati. Hapo ndipo ubora wa wazo la Kégresse unapoonekana wazi, kwa sababu kitu cha kuchezea hakisamehe gharama. Bei yake ni ndogo, na anayekitumia hajui kupaka grisi. Mnyororo wa vipande hamsini na pini hamsini ungeweza kugharimu kuliko gari lenyewe, na mtoto angepoteza pini siku ya kwanza. Mkanda mmoja wa mpira humaliza kazi yote.

Mtu akitaka kutengeneza kigari cha mikanda kwa gharama ndogo, masharti ni yale yale yaliyomsumbua Kégresse. Kwanza ni mkanda wenyewe: pete iliyokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi la baiskeli inatosha. Pili ni kuuzuia usichomoke. Gurudumu likiwa na kingo mbili pembeni, mkanda hubaki mahali pake. Likiwa limenyanyuka kidogo katikati kama pipa, mkanda hujirudisha katikati wenyewe. Tatu ni mkazo. Ukilegea, gurudumu linazunguka bure na mkanda unachomoka kwenye kona. Ukikazwa mno, ekseli inapinda na kigari hakisogei. Kwa hiyo ekseli moja huachiwa nafasi ya kusogezwa mbele au nyuma. Nne ni kushika: gurudumu laini linaweza kuteleza ndani ya mkanda, hasa kukiwa na maji, na meno madogo kwenye gurudumu na kwenye mpira huondoa tatizo hilo.

Sharti hilo la nne Kégresse alilijifunza kwa gharama. Katika magari yake ya mwanzo mkanda ulivutwa kwa msuguano tu, kama mkanda wa mashine ya kusaga. Kwenye tope msuguano ulipungua. Mchanga na mawe navyo viliula mpira, na mikanda ya akiba ikawa sehemu ya mzigo. Katika magari yaliyofuata aliuimarisha mkanda kwa chuma na kuupa meno ya kuvutwa. Hata hivyo hakurudi kwenye mnyororo wa pini. Aliongeza kile tu kilichodaiwa na barabara.

Msafara uliofika Kampala ulikuwa mtihani mkubwa zaidi. Ulianza Colomb-Béchar, Algeria, Oktoba 28, 1924, ukapita Niger, Chad na misitu ya Kongo ya Wabelgiji. Baadhi ya makundi yalikutana tena Antananarivo, Madagaska, na Juni 26, 1925 safari ikahitimishwa. Wafaransa waliiita Safari Nyeusi, na filamu yake ikaonyeshwa Paris mwaka 1926.

Filamu haikueleza hesabu yote. Mikanda ilipita mahali ambapo matairi yangekwama, lakini haikujitosheleza. Petroli na vipuri vilitangulizwa vituoni miezi kabla magari hayajafika. Katika misitu, maelfu ya Waafrika waliamriwa na tawala za kikoloni kufyeka njia na kujenga madaraja ya magogo. Majina yao hayakuwekwa kwenye mabango. Anayepitisha mzigo mpakani leo anaijua hesabu ya namna hiyo: gari ni sehemu moja tu ya safari, na mara nyingi gharama kubwa hubebwa na asiyeonekana.

Baada ya Afrika, magari ya Kégresse yalitoka Beirut mwaka 1931 na kufika Beijing Februari 1932. Haardt aliugua akafia Hong Kong wakati wa kurudi. Mwaka 1934 tajiri Charles Bedaux aliyapeleka magari mengine matano kwenye milima ya magharibi ya Kanada. Mvua na tope viliyashinda, yakaachwa njiani na farasi wakaendelea. Mwaka huo huo kampuni ya Citroën ilifilisika ikaingia mikononi mwa Michelin, na André Citroën akafariki Julai 1935.

Kégresse alibaki na karakana yake na akili yake. Mwaka 1939 alikuwa akijaribu giaboksi yenye klachi mbili, inayobadilisha gia bila kukata nguvu ya injini. Wazo hilo lilingoja zaidi ya miaka 60 kabla ya kuingia kwenye magari yanayouzwa kwa wingi, na leo giaboksi za aina hiyo zimo katika magari mengi ya mtumba yanayoshushwa bandarini Mombasa na Dar es Salaam. Jeshi la Marekani, kwa upande wake, lilinunua gari la mikanda la Citroën mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kutoka hapo likaunda magari yake mashuhuri ya Vita Kuu ya Pili, yenye tairi mbele na mikanda nyuma.

Kazi yake nyingine ndogo ilikwenda mahali pabaya. Vita vilipokaribia alikuwa ameunda kigari cha mikanda kisicho na dereva, chenye kimo kisichozidi goti kwa kiasi kikubwa, kama kitu cha kuchezea. Kilikusudiwa kubeba baruti. Mwaka 1940, Wajerumani walipoikalia Ufaransa, walikipata karibu na Mto Seine, na kwa kukifuata wakatengeneza Goliath, kibomu cha kutembea kinachoongozwa kwa waya. Walitengeneza zaidi ya 7,000. Lakini Goliath kilikuwa ghali, na kila kimoja kilitumika mara moja tu. Waya wake ukikatwa, kilisimama hapo hapo. Urahisi aliouanza Kégresse ulikuwa umepotea njiani.

Kégresse alifariki Februari 1943 huko Croissy-sur-Seine, nchi yake ikiwa bado chini ya Wajerumani. Hakuona mwisho wa vita wala kilichokuja baadaye: magari ya theluji yanayotembea juu ya mkanda mmoja wa mpira, matrekta makubwa ya mashambani yaliyoanza kuacha minyororo ya chuma katika miaka ya 1980, na katapila ndogo za kuchimba mitaro mijini, zinazopita juu ya lami bila kuichana.

Wabunifu wengi husifiwa kwa kile walichoongeza kwenye mashine. Kégresse alifika Kampala, Mombasa na Dar es Salaam, kwa kazi ya mikono yake, kwa sababu ya kile alichopunguza. Na mtoto anayekata pete ya mpira wa baiskeli na kuivisha kwenye vifuniko viwili vya chupa anaanzia pale pale alipoanzia fundi wa ikulu ya Urusi: mkanda mmoja, magurudumu mawili, na mkazo usiozidi wala kupungua.