John Charnley: Daktari aliyewarejeshea wagonjwa wa nyonga uwezo wa kutembea

KABLA ya miaka ya 1960, mtu aliyekumbwa na baridi yabisi ya nyonga hakuwa na njia nyingi za kujinusuru. Alivumilia maumivu usiku na mchana, akategemea mkongojo, au akakubali mifupa yake iunganishwe ili kiungo kisisogee tena maishani.

Aliyeibadilisha hali hiyo ni Sir John Charnley, daktari mpasuaji wa mifupa raia wa Uingereza, aliyeaga dunia mnamo Agosti 5, 1982 akiwa na umri wa miaka 70.

Siku hizi mgonjwa aliyewekewa nyonga bandia huinuliwa kitandani siku iyo hiyo ya upasuaji au siku ya pili yake. Hukongoja kwa wiki kadhaa, kisha akaiweka mikongojo kando na kurejelea shughuli zake. Hata hivyo, hatua hizo za kwanza zilitanguliwa na miaka mingi ya majaribio, na kosa moja kubwa ambalo nusura liizamishe kazi yote ya daktari huyo.

Charnley alizaliwa mnamo Agosti 29, 1911 katika mji wa Bury, jimbo la Lancashire, eneo lililosifika kwa viwanda vya nguo. Babake alikuwa na duka la dawa mjini humo, naye mamake alikuwa amesomea uuguzi.

Baada ya masomo ya shule mjini Bury, alijiunga na Chuo Kikuu cha Manchester mnamo 1929 na kufuzu udaktari mnamo 1935. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 25 pekee, alifaulu mtihani wa kuwa mwanachama wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari Wapasuaji.

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, alijitolea kuwa daktari wa jeshi. Alikuwa miongoni mwa waliohusika katika kuwaokoa wanajeshi kutoka Dunkirk, Ufaransa, mnamo 1940, na baadaye akapelekwa Cairo, Misri. Huko alishirikiana na mafundi wa jeshi kuunda vifaa vya kushikilia viungo vya majeruhi. Mazoea hayo ya kukaa karakanani hayakumtoka hadi mwisho wa uhai wake.

Aliporejea nyumbani alifanya kazi kwa muda katika hospitali ya mifupa ya Oswestry. Akitaka kujua jinsi mfupa uliopandikizwa unavyoshika, alimshawishi daktari mwenzake amkate kipande cha mfupa wa muundi wake mwenyewe na kukipandikiza. Jeraha hilo liliingia vijidudu, mfupa ukaugua, na ikabidi afanyiwe upasuaji mwingine. Tangu hapo ilidhihirika kwamba Charnley hakuwa mtu wa kuwafanyia wengine jambo ambalo mwenyewe angeliogopa.

Mnamo 1947 aliteuliwa daktari mshauri katika Hospitali ya Kifalme ya Manchester. Miaka mitatu baadaye alichapisha kitabu kuhusu matibabu ya mifupa iliyovunjika bila kupasua, ambacho kilitumiwa na vizazi vya madaktari.

Nyonga iliyolia

Jambo lililomwelekeza kwenye nyonga lilianza kama kichekesho. Mgonjwa mmoja aliyekuwa amewekewa kichwa bandia cha paja, kilichoundwa kwa plastiki ngumu, alimweleza kwamba kila alipoinama nyonga yake ililia kama bawaba ya mlango iliyokosa mafuta. Sauti hiyo ilimkera mkewe hata akawa hataki kukaa naye chumba kimoja.

Wengine wangecheka na kumwagia zamu mgonjwa anayefuata, lakini Charnley alijiuliza mlio huo ulitoka wapi. Alitambua kwamba ulitokana na msuguano mkubwa kati ya plastiki hiyo na mfupa. Msuguano huo, alihitimisha, ndio uliokuwa ukilegeza viungo bandia vya wakati huo na kuwarudisha wagonjwa kwenye maumivu.

Alichunguza viungo asilia na kugundua kwamba gegedu lenye afya huteleza kuliko hata barafu. Kwa kuwa hakuna mtu aliyeweza kuunda gegedu, ilimlazimu atafute vitu viwili ambavyo vingeteleza vyenyewe vikikutana, bila kutegemea ute wa mwilini.

Wazo lake lilikuwa na sehemu tatu. Kwanza, kichwa cha paja kiwe cha chuma kisichoshika kutu, na kiwe kidogo, chenye upana wa milimita 22 na ushei, ili kupunguza msuguano. Pili, kikombe cha nyonga kiwe cha plastiki inayoteleza. Tatu, sehemu zote mbili zishikiliwe mfupani kwa saruji maalumu iliyofanana na ile waliyoitumia madaktari wa meno. Kuhusu saruji hiyo, alipata ushauri wa Dennis Smith, mtaalamu wa vifaa vya meno mjini Manchester.

Ili apate nafasi ya kuitenda kazi hiyo kikamilifu, aliipa kisogo sehemu kubwa ya majukumu yake Manchester na kuelekea Wrightington, hospitali ya mashambani karibu na Wigan iliyokuwa ikiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu. Kituo cha upasuaji wa nyonga kilifunguliwa huko mnamo 1961.

Kosa la wagonjwa 300

Plastiki aliyoichagua kwanza ni Teflon, ile ambayo wengi huijua kwa sababu ya sufuria zisizogandisha chakula. Matokeo ya awali yalistaajabisha. Watu walioingia hospitalini wakiburura miguu walitoka wakitembea bila maumivu, na habari zao zikaenea upesi.

Furaha hiyo haikudumu. Baada ya miaka michache, vikombe vya Teflon vilianza kulika. Chembechembe zake ziliuchokoza mwili, uvimbe ukatanda kuzunguka kiungo, mifupa ikaliwa na maumivu yakarejea. Wagonjwa wapatao 300 walikuwa tayari wamewekewa viungo hivyo.

Hilo lilikuwa pigo kuu katika maisha ya Charnley. Badala ya kuwaachia madaktari wengine aibu hiyo, aliwapasua upya wagonjwa wake mmoja baada ya mwingine na kuviondoa vikombe alivyoviweka kwa mikono yake mwenyewe. Isitoshe, alijidunga vipande vya plastiki kwenye paja lake ili ashuhudie jinsi mwili unavyovipokea.

Ufumbuzi ulitoka mahali asipopatarajia. Mnamo Mei 1962, mchuuzi wa bidhaa za viwandani alifika Wrightington akiwa na plastiki iliyotumiwa kuundia gia za mitambo ya kufumia nguo za Lancashire. Charnley aliikwaruza kwa ukucha wa kidole gumba, akaidharau.

Lakini Harry Craven, fundi wake wa karakana, hakuitupa. Charnley alipokuwa safarini Copenhagen, Craven aliifunga plastiki hiyo kwenye mashine ya kupimia mlikiko na kuiacha izunguke. Baada ya wiki tatu, ilikuwa imelika kidogo kuliko Teflon ilivyolika kwa siku moja. Aliporudi, Charnley alitazama vipimo na kukubali kwamba fundi wake alikuwa na haki. Kufikia Novemba mwaka huo, kikombe cha kwanza cha plastiki hiyo, aina ya polithini nzito, kiliwekwa katika nyonga ya mgonjwa.

Kwa kuwa alikwisha kuumwa na nyoka, Charnley sasa aliogopa hata ung'ongo. Kwa miaka kadhaa alikataa kiungo hicho kiuzwe ovyo. Daktari aliyekitaka alilazimika kwanza kusafiri hadi Wrightington na kufunzwa. Aliwaomba pia wagonjwa wake waridhie kwamba wakifariki, viungo hivyo vitolewe na kuchunguzwa, na wengi walikubali.

Vita dhidi ya vijidudu

Adui mwingine alikuwa usaha. Kiungo bandia kikiingiwa na vijidudu, mara nyingi hakuna dawa ila kukitoa. Charnley aliamini kwamba vijidudu hivyo vilitoka katika hewa ya chumba cha upasuaji.

Akishirikiana na wataalamu wa kusafisha hewa ya viwanda vya nguo, alitengeneza kibanda cha vioo ndani ya chumba cha upasuaji, ambamo hewa iliyochujwa ilipulizwa bila kukoma. Yeye na wasaidizi wake walivaa mavazi yaliyowafunika gubigubi, yenye mirija ya kufyonza pumzi zao. Kwa mbinu hizo na nyinginezo, maambukizi yalishuka kutoka zaidi ya wagonjwa 7 kati ya 100 hadi chini ya mmoja kati ya 100.

Kwake, upasuaji haukuishia kwenye kushona jeraha. Alimpima kila mgonjwa kwa mambo matatu: maumivu, uwezo wa kutembea na upana wa mwendo wa kiungo, kila moja likipewa alama kati ya 1 na 6. Aidha, aliwatenga wagonjwa kwa makundi: wenye nyonga moja mbovu, wenye mbili, na wale waliozuiwa kutembea na maradhi mengine, ili mtu mwenye moyo dhaifu asilinganishwe na aliyeumwa nyonga tu.

Kupona wakati huo kulichukua muda mrefu kuliko sasa. Charnley alikata kipande cha mfupa wa juu ya paja ili afikie kiungo, kisha akakirudisha kwa waya, na mfupa huo ulihitaji muda wa kuunga. Madaktari wengi wa leo hawaukati. Lakini maonyo kadhaa yangali yanatolewa katika hospitali nyingi: mgonjwa asikunje miguu nne, asikae kwenye kiti kifupi mno, na afanye mazoezi bila kuchoka.

Heshima zilimfuata. Alitunukiwa tuzo ya Lasker ya Marekani mnamo 1974, akachaguliwa kuwa mwanachama wa Shirika la Kifalme la Sayansi la Uingereza mnamo 1975, na kupewa hadhi ya Sir mnamo 1977. Alimwacha mjane, Jill, aliyefunga naye ndoa mnamo 1957, pamoja na watoto wawili.

Mnamo 2007, jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha makala yaliyoutaja ubadilishaji wa nyonga kuwa upasuaji wa karne. Utafiti uliotolewa mnamo 2019 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyonga bandia hudumu kwa miaka 25.

Hospitali ya Wrightington ingali inatibu wagonjwa wa mifupa na viungo. Nayo plastiki iliyodharauliwa kwa mkwaruzo wa ukucha, ikiwa imeboreshwa, bado imo katika nyonga za mamilioni ya watu duniani wanaopanda ngazi pasipo hata kukumbuka kwamba waliwahi kushindwa.