Rebmann: Mzee kipofu aliyelilea kundi dogo la Rabai

JINA la Johannes Rebmann hutajwa zaidi pamoja na Mlima Kilimanjaro, ambao theluji yake aliiona mwaka 1848, baadhi ya wasomi wa London wakakataa kumsadiki. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maisha yake ilipita Rabai, katika Kaunti ya Kilifi ya leo.

Mmisionari huyo wa Kianglikana, mzaliwa wa Gerlingen, Ujerumani, alifika huko mwaka 1846 pamoja na Johann Ludwig Krapf. Muumini wao wa kwanza, Mringe, alikuwa mlemavu, naye alibatizwa akiwa karibu kukata roho.

Krapf alipoondoka mwaka 1853, Rebmann alibaki. Alifiwa na mkewe, Emma, mwaka 1866. Kisha macho yakapofuka, huku waumini wakiwa wa kuhesabika.

Miongoni mwao alikuwamo Abe Gunja. Mwanawe, Isaac Nyondo, ndiye aliyemwongoza mzee huyo kurejea Ulaya mwaka 1875. Rebmann alifariki Korntal mwaka uliofuata.

Rabai haikutawanyika. Mwaka 1887 lilijengwa kanisa kubwa, na imani ya wachache wale ikarithiwa na wana na wajukuu.