Daktari Robert Koch na Kijidudu Chenye Mbio

Mjerumani huyu aliishi miezi mingi katika visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, mwaka 1906 hata 1907, kwa hiyo habari zake si ngeni kabisa kwetu Uganda. Lakini jina lake lilikuwa limekwisha kuenea duniani kabla hajafika huku.

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa machimbo. Alisomea udaktari Göttingen, kisha akawa daktari wa wilaya Wollstein, mji mdogo ambao sasa umo katika Poland. Maabara hakuwa nayo. Alichunguza nyumbani kwake, baada ya kutibu wagonjwa, na mwaka 1876 akaonyesha jinsi kijidudu cha kimeta kinavyoishi na kuua wanyama. Kijidudu hicho hakiogelei hata kidogo. Hutulia kama kijiti. Mwaka 1882 akatangaza kile cha kifua kikuu, nacho vilevile hakina mwendo.

Cha kipindupindu ni kingine. Mwaka 1883 Serikali yake ilimtuma Misri, ambako ugonjwa huo ulikuwa ukiua watu wengi. Ulipopungua, hakurudi kwao, bali alisafiri mpaka Calcutta, Bara Hindi, kuufuata. Huko, mwaka 1884, alikiona tena na tena katika matumbo ya waliokufa, na hata katika maji ya bwawa walimoteka watu maji ya kunywa: kijidudu kilichopinda kama alama ya mkato, chenye kwenda mbio mno. (Mwitalia Filippo Pacini alikuwa amekwisha kukiona mwaka 1854, lakini hakusikilizwa, na ni haki tumtaje.)

Sisi wa darasa la juu tulipotia tone la maji ya kidimbwi chini ya darubini ya shule, tuligombania kuchungulia, na kila mmoja aliuliza vinakimbilia wapi. Kwa kijidudu cha kipindupindu, jibu lilipatikana miaka mingi baada ya Koch. Kina mkia mmoja unaozunguka kama rafadha ya meli, na kwa mkia huo hupenya ute unaofunika utumbo. Kikifika ukutani, jeni zake hugeuza amri: zile za sumu na za vinyweleo vya kushikamania huamshwa, na zile za kuogelea hupunguzwa nguvu. Aliyekwisha kutia nanga ana haja gani na makasia? Sumu hiyo huufanya utumbo umwage maji na chumvi, mgonjwa akakauka upesi. Hata vikisha kuwa vingi, amri hugeuka mara ya pili: vijidudu huachia ukuta, huanza tena kuogelea, na hutoka na maji yale kumtafuta mtu mwingine.

Koch naye alikosea. Dawa ya kifua kikuu aliyoitangaza mwaka 1890 haikuponya. Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel, na mwaka uliofuata akaja Sese kupigana na malale, ambayo kijidudu chake si bakteria, ingawa nacho kina mkia. Katika kambi ya Bugala aliwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki. Wengi walipata nafuu ya kitambo, lakini alipozidisha kipimo wengine walipofuka macho, wala hawakuona tena.

Alikufa Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910. Majivu yake yamewekwa Berlin, katika taasisi yenye jina lake.