Hiram Maxim: Mfua Bombom

Majina ya watu yaliyogeuka kuwa majina ya vitu ni mengi, lakini ni machache yaliyotisha kama jina la Maxim. Katika miongo ya mwisho ya karne ya kumi na tisa jina hili lilivuma Kampala na Omdurman, ingawa mwenyewe hakukanyaga huko. Iliyofika ni bunduki yake. Kiswahili nacho kikaipa silaha ya aina hiyo jina la bombom, neno linaloiga mlio wake. Nyuma ya mlio huo palikuwapo mtu wa nyama na damu, mwenye kipaji kisichotiliwa shaka na majivuno yasiyofichika, ambaye kazi ya mikono yake ilimpa utajiri, ikamnyima usikivu wa masikio, na hatimaye ikawageukia vijana wa nchi iliyomheshimu.

Hiram Stevens Maxim alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 katika kijiji cha Sangerville, jimbo la Maine, Marekani. Jamaa yake haikuwa na mali. Masomo yake ya shuleni yalikuwa haba, na akiwa kijana wa miaka 14 alipelekwa kujifunza kazi kwa fundi wa magari ya farasi. Baadaye alifanya kazi katika karakana ya mjomba wake huko Fitchburg, Massachusetts, akajifunza kuchora mitambo na kufua chuma. Mwaka wa 1866 alipata hataza yake ya kwanza, na kifaa chenyewe kilikuwa cha amani kabisa: chuma cha kusokotea nywele. Baada ya hapo aliunda mitambo ya gesi ya kuangazia majumba. Umeme ulipoanza kushindana na gesi, akawa mhandisi mkuu wa kampuni moja ya taa za umeme mjini New York, akichuana na Thomas Edison katika mbio za kutengeneza taa ya balbu. Edison ndiye aliyetoka katika mbio hizo na sifa zote, na Maxim hakuusahau uchungu huo.

Mwaka wa 1881 alikwenda Paris kuhudhuria maonyesho makubwa ya umeme, kisha akahamia London. Yasimuliwa kwamba Mmarekani mmoja aliyekutana naye Ulaya katika siku hizo alimshauri aachane na umeme, na kama anataka fedha, abuni kitu kitakachowawezesha Wazungu kuuana kwa wepesi zaidi. Liwe lilisemwa kwa mzaha au kwa dhati, shauri hilo lilipata sikio. Maxim alikodi karakana mtaa wa Hatton Garden, London, akaanza kazi.

Ili kuelewa alichokifanya, yafaa kukumbuka silaha zilizomtangulia. Gobori lilishindiliwa baruti na risasi kwa mdomoni, na mpigaji alihitaji muda kabla ya kupiga tena. Mwaka wa 1836 Samuel Colt alipata hataza ya bastola yenye silinda inayozunguka, ikaweza kupiga risasi kadhaa bila kushindiliwa upya. Mwaka wa 1862 Richard Gatling akapata hataza ya bunduki ya mitutu mingi iliyozungushwa kwa mkono, mithili ya mtu anayesaga nafaka kwenye kinu. Hata hivyo, silaha zote hizo zilitegemea nguvu ya mkono wa binadamu. Mkono ukichoka, bunduki ilinyamaza.

Maxim aliona jambo ambalo wengine walilichukulia kuwa usumbufu tu. Bunduki ikifyatuliwa humpiga mpigaji teke begani. Yeye alijiuliza kwa nini nguvu hiyo ipotee bure. Katika mtambo wake, mtutu ulisukumwa nyuma kwa teke la risasi iliyotoka, na msukumo huo huo ukafungua chemba, ukatupa ganda tupu, ukavuta risasi nyingine kutoka katika mkanda na kuifyatua. Mradi kidole hakijaachia, risasi moja iliita nyingine. Mtutu ulizungushiwa koti la chuma lililojaa maji ili usiyeyuke kwa joto. Mwaka wa 1884 aliweza kuonyesha bunduki iliyopiga takriban risasi 600 kwa dakika. Wakuu wa jeshi na watu wa ukoo wa kifalme walimiminika Hatton Garden kuitazama. Kampuni ikaundwa kwa msaada wa ukoo wa Vickers, matajiri wa chuma cha pua, na mwaka wa 1889 jeshi la Uingereza likaikubali rasmi.

Afrika ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuonjeshwa uvumbuzi huo. Mwaka wa 1887 Maxim alimzawadia Henry Morton Stanley bunduki moja kwa ajili ya msafara wa kumwokoa Emin Pasha, msafara ambao mamia ya wapagazi wake waliajiriwa Unguja. Desemba 1890 Frederick Lugard aliingia Buganda akiwa na Maxim, na tarehe 24 Januari 1892 silaha hiyo ilitumika katika vita vya Mengo, vilivyomfanya Kabaka Mwanga akimbie mji wake. Tarehe 2 Septemba 1898, huko Omdurman nchini Sudan, zaidi ya wafuasi 10,000 wa Khalifa Abdullahi waliuawa kwa mizinga, bunduki na bombom katika saa chache. Waliokufa upande wa Waingereza na Wamisri hawakufika 50.

Wajerumani nao walikwisha kuinunua haki ya kuiunda. Wasomaji wa tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein wanaijua imani ya wapiganaji wa Maji Maji kwamba risasi zingegeuka maji. Tarehe 30 Agosti 1905, majuma machache baada ya Kinjikitile Ngwale mwenyewe kunyongwa, maelfu ya wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge. Ndani ya boma zilikuwamo bombom mbili. Wapiganaji walikatwa kama nyasi mbele ya ngome.

Katika miaka hiyo yote Maxim alivuna heshima. Alichukua uraia wa Uingereza, na mwaka wa 1901 akatunukiwa cheo cha Sir. Fedha alizozipata alizitumia katika ndoto nyingine. Huko Kent aliunda ndege kubwa ya mvuke yenye uzito wa zaidi ya tani tatu, na tarehe 31 Julai 1894 ikanyanyuka kutoka kwenye reli zake kwa muda mfupi kabla ya kuharibika. Lakini mwili wake ulianza kumdai. Miaka ya kusimama karibu na bunduki ikitema moto ilimharibu masikio hata akawa kiziwi. Mlio ulioipa bombom jina lake katika Kiswahili, mwenyewe hakuweza tena kuusikia sawasawa.

Kifua pia kilimsumbua. Alipougua mkamba, alibuni kifaa cha kioo cha kuvutia mvuke wa dawa kooni, akakiuza kwa wagonjwa wengine. Hapo ndipo alipokumbana na kejeli. Marafiki zake wasomi walimlaumu kwamba ameshusha hadhi ya sayansi kwa kuuza dawa za mitaani. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka wa 1915, Maxim alilieleza jambo hilo kwa kinaya. Aliona kwamba kuunda mashine ya kuua kulimletea pongezi, ilhali kuunda kifaa cha kupunguza maumivu kulionekana kuwa aibu. Pengine hakuna mahali alipoukaribia ukweli wa maisha yake kuliko hapo, ingawa hakuufuata hadi mwisho wake.

Mwisho huo uliletwa na vita. Julai mosi 1916 majeshi ya Uingereza yalitoka katika mahandaki yao karibu na mto Somme, Ufaransa, yakatembea kuelekea mistari ya Wajerumani. Waliyokutana nayo huko ni bombom ya Kijerumani ya mwaka wa 1908, ambayo kwa umbile na utendaji ilikuwa Maxim. Siku hiyo moja iliwaua Waingereza zaidi ya 19,000, wengi wao wakiwa wamepigwa kwa silaha iliyozaliwa Hatton Garden. Waingereza nao walijibu kwa bunduki ya Vickers, mtoto wa Maxim ile ile. Mapigano ya Somme yalikoma tarehe 18 Novemba. Siku sita baadaye, tarehe 24 Novemba 1916, Hiram Maxim alifariki dunia mjini London akiwa na umri wa miaka 76, akazikwa katika makaburi ya West Norwood.

Wahenga walinena kuwa mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Walioisifu bombom ilipowafyeka watu wa Omdurman na Mahenge hawakuuliza ingekuwaje mtutu ukigeuzwa. Somme iliwapa jibu, na mamia ya maelfu ya jamaa zikavaa nguo za msiba. Maxim hakuwa mtu katili kuliko wenzake. Alikuwa fundi aliyependa mtambo ufanye kazi vizuri, na mtambo wake ulifanya kazi vizuri mno. Akili yake ilijibu swali la jinsi ya kufanya. Swali la nani atafanyiwa liliachwa mlangoni pa karakana, likabaki pale likingoja.