Shaaban Robert: karani aliyejenga nchi angani

Ndugu msikilizaji, ipo nchi moja ambayo huwezi kuiona katika ramani yoyote. Haikushika ardhi, inaelea angani. Ina mfalme, ina waziri mkuu, ina baraza na ina magereza. Siku moja mtu analetwa mbele ya baraza hilo akiwa mshtakiwa. Hakuiba wala hakuua. Kosa lake ni kutaka watu wafundishwe sheria.

Nchi hiyo inaitwa Kusadikika. Aliyeitunga alikuwa karani wa serikali ya kikoloni mjini Tanga, na kitabu chake kilitoka mwaka 1951, miaka kumi kabla ya uhuru wa Tanganyika. Leo vijana wanapozungumza juu ya riwaya za ajabu, zenye nchi za kubuni, majini na safari za angani, wengi hudhani mambo hayo yametoka Ulaya na Marekani juzi tu. Katika makala hii tunamweleza Mtanganyika aliyeyaandika kwa Kiswahili zaidi ya miaka sabini iliyopita, sababu zilizomfanya ayaandike, na namna wasomaji walivyompokea. Jina lake ni Shaaban Robert.

Mtoto wa Machui

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, Machui, kusini ya mji wa Tanga. Wazee wake walikuwa na asili ya Kiyao, lakini yeye alikua kama Mswahili wa pwani, Mwislamu. Jina la Robert lilikuwa la baba yake.

Alipozaliwa, nchi ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Alipokuwa na miaka mitano, Novemba 1914, Waingereza na Wajerumani walipigana Tanga. Vita ilipokwisha, Waingereza ndio waliokuwa mabwana wapya. Kwa hiyo kabla hajafikisha miaka kumi na miwili alikuwa ameshaishi chini ya tawala mbili za kigeni, na hakuna hata mmoja kati ya hizo uliowauliza wenyeji wanataka nini.

Mwaka 1922 alipelekwa shule Dar es Salaam, akamaliza mwaka 1926. Hakwenda chuo chochote baada ya hapo. Akaajiriwa karani wa forodha, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliifanyia kazi Pangani. Mwaka 1944 alihamishiwa Mpwapwa katika idara iliyohusika na wanyama, na mwaka 1946 akarudi Tanga, ambako alifanya kazi katika ofisi za serikali na baadaye katika idara ya upimaji ardhi. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa ya kushika kalamu ya mwajiri mchana na kalamu yake mwenyewe usiku.

Nyumbani alionja machungu. Mkewe wa kwanza, Amina, alifariki akamwachia watoto. Aliandika shairi la kumlilia, na akawatungia watoto wake tenzi za kuwausia: mmoja kwa binti yake Hati, na mwingine kwa mwanawe wa kiume. Katika tenzi hizo yumo baba anayehofu kwamba huenda asiwepo watoto wakikua, akaona heri maneno yake yabaki.

Kesi ya Karama

Turudi angani. Mshtakiwa wa Kusadikika anaitwa Karama. Anayemshtaki ni waziri mkuu, na jina lake ni Majivuno. Ukisoma majina hayo tu unajua nani ni nani, maana Shaaban Robert aliwapa watu wake majina yanayobeba tabia zao.

Majivuno anasema mtu huyu anataka kuwafundisha watu uanasheria, na elimu hiyo itavunja utawala. Karama hajibu kwa hasira. Anaomba nafasi ya kujitetea, kisha anasimulia habari za wajumbe sita ambao Kusadikika yenyewe iliwatuma zamani: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Wanne walikwenda pande nne za dunia, mmoja akapanda mbinguni na mmoja akashuka ardhini. Walitumwa wakatafute mambo mema ya kuifaa nchi. Kila mmoja alipata taabu njiani, kila mmoja alirudi na mashauri mazuri, na kila mmoja alipofika nyumbani alitiwa gerezani.

Siku baada ya siku baraza linasikiliza habari zilezile za serikali kuwatesa watu iliyowatuma yenyewe. Mwishowe Mfalme Jeta anatambua haki. Karama anaachiwa huru, na wajumbe wanafunguliwa.

Sasa fikiri, ndugu msikilizaji. Mwandishi ni mtumishi wa serikali ya kikoloni. Akiandika waziwazi kwamba sheria za nchi zinawaonea Waafrika na kwamba wanaosema kweli wanafungwa, kazi iko hatarini, na watoto wanaomtegemea wako hatarini. Lakini nani atamshtaki mtu kwa sababu ya nchi inayoelea hewani? Kitabu kilipigwa chapa na kampuni ya Nelson ya London, kikauzwa, na wasomaji wa Tanganyika wakajua wenyewe Kusadikika iko wapi.

Hadithi hizi hazikuwa ngeni

Hapa kwetu Simiyu njia hiyo ya kusema inajulikana. Wazee wa Kisukuma wanasimulia habari za Shing'weng'we, dubwana lililomeza watu na mifugo, na za kijana Masala Kulangwa aliyeliua akalipasua tumbo, watu wakatoka wazima. Hakuna mtoto wa Maswa au Itilima anayeuliza dubwana hilo lilikuwa na urefu wa mita ngapi. Anaelewa kwamba kuna nguvu inayomeza watu, na kwamba huenda mdogo ndiye atakayeishinda.

Shaaban Robert naye alikulia pwani, penye ngano za namna hiyo na hadithi za Alfu Lela Ulela. Katika kitabu chake cha Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, liwali mwema aitwaye Adili anaishi na manyani wawili, na kila usiku analazimika kuwapiga kisha anawalisha. Manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini kwa sababu walitaka kumuua. Wahakiki wameonyesha kwamba hadithi hiyo ina undugu na kisa kimoja cha Alfu Lela Ulela, ambacho ndani yake ndugu waovu wanageuzwa mbwa. Na Kusadikika inawakumbusha wengi kitabu cha Mwingereza Jonathan Swift juu ya safari za Gulliver, maana humo pia mna kisiwa kinachoelea angani.

Lakini kuazima kigae cha moto kwa jirani si kuazima chakula. Kesi ya mtu anayefundisha sheria mbele ya watawala wasiotaka sheria ijulikane ilikuwa habari ya Tanganyika.

Kitabu kilichosubiri miaka ishirini

Nchi yake nyingine ya kubuni ni Kufikirika. Humo mfalme mwenye kila kitu hana mtoto, na waganga wa kila namna wanajaribu bila mafanikio. Mtoto akiisha kupatikana, anaugua, na wapigaji ramli wanasema hatapona mpaka atolewe kafara mwerevu mmoja na mjinga mmoja. Swali linalobaki ni kama sheria ya nchi inaruhusu kuua mtu asiye na kosa ili kumponya mtoto wa mfalme. Hapa pia silaha ya kumkomboa mnyonge ni sheria.

Shaaban Robert aliandika Kufikirika mwaka 1946. Kilichapishwa mwaka 1967, yeye akiwa kaburini. Utubora Mkulima, kisa cha karani anayeacha kazi ya mjini akaenda kulima kijijini, nacho kilitoka baada ya kifo chake, mwaka 1968. Mwandishi wa Kiafrika wa wakati ule alitegemea wachapaji wa mbali. Baadhi ya kazi zake zilichapwa London, nyingine Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini. Kati ya kuandika na kusomwa palikuwa na bahari na miaka.

Sifa na lawama

Waingereza waliokuwa wakitawala walimtunuku nishani ya MBE, na alipata pia tuzo ya kumbukumbu ya Margaret Wrong kwa kazi yake ya uandishi. Alikuwa mjumbe wa kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Hapo pana jambo la kutafakari: serikali iliyofanana na baraza la Majivuno ndiyo iliyomvalisha nishani Karama wake.

Baada ya uhuru vitabu vyake viliingia madarasani na wasomi wakaanza kuvichambua. Mwaka 1976 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, jirani zetu wa ziwani, alimwandikia tasnifu nzima katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wapo waliomsifu kwa lugha na kwa ujasiri wa kuusema ukoloni kwa mafumbo. Wapo waliomlaumu, hasa katika miaka ya Ujamaa. Walisema watu wake ni wema mtupu au wabaya mtupu, na kwamba Kusadikika inaokolewa na moyo wa mfalme, si kwa nguvu za wananchi. Mfalme akibadili nia kesho, walihoji, wajumbe hawatarudi gerezani?

Lawama hiyo ina uzito, na hatuna haja ya kuificha kwa sababu tu tunampenda mwandishi. Ni kweli wananchi wa Kusadikika wanasikika kidogo sana. Lakini tukumbuke kile anachokidai Karama. Haombi huruma ya mfalme. Anataka watu waijue sheria, ili asiyekuwa na cheo naye aweze kusimama mbele ya baraza akajitetea. Mtu wa namna hiyo hamwachii mfalme kila kitu. Na yeyote aliyewahi kutia dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa, iwe ya shamba au ya deni, anajua kwa nini Majivuno aliogopa.

Walioifuata njia

Kezilahabi mwenyewe baadaye aliandika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, riwaya fupi zinazokwenda kama ndoto, ambazo ziliwagawa wasomaji: wengine waliona ni ugumu usio na sababu, wengine wakaona Kiswahili kimefungua mlango mpya. Kenya, Katama Mkangi, mwandishi aliyewahi kuwekwa kizuizini, alitoa Walenisi mwaka 1995. Humo mtu aitwaye Dzombo anahukumiwa kufa kwa kurushwa angani katika chombo, lakini anafika salama kwenye nchi yenye haki. Karama alikuwa na baraza la kusikiliza utetezi wake. Dzombo anarushwa mbali kabisa. Vitabu viwili, miaka arobaini na minne kati yao, na swali ni lilelile: mtu anayesema kweli aende wapi?

Miezi sita ya uhuru

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Shaaban Robert alifariki Juni 1962, akiwa na miaka 53. Alionja uhuru kwa miezi sita tu. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958 zimehifadhiwa na kuchapishwa kuwa kitabu, kikahaririwa na Profesa Mulokozi, na Dar es Salaam ipo shule ya sekondari na upo mtaa wenye jina lake.

Kusadikika ni kitabu chembamba. Kama nyumbani kuna mwanafunzi wa sekondari, mwulize kama anacho au kama kipo shuleni kwao. Mwombe awasomee jioni, siku moja mjumbe mmoja: mtakimaliza ndani ya juma. Na asiyejua kusoma asione haya kukaa karibu, kwa kuwa hata kule Kusadikika habari za wajumbe wale zilisimuliwa kwa mdomo, na baraza zima lilikaa likasikiliza.