Kiichiro Toyoda: Aliondoka pamoja na wafanyakazi wake, akaitwa kurudi

KATIKA magulio mengi ya Afrika Mashariki ni vigumu kukosa gari la Toyota, liwe limebeba mahindi, nyanya au abiria. Lakini wengi wanaoyatumia magari hayo hawajui kwamba mtu aliyeianzisha kampuni hiyo aliondoka humo mwaka 1950 kwa sababu ya madeni, wakati mmoja na wafanyakazi waliopunguzwa kazini.

Mtu huyo ni Kiichiro Toyoda, aliyezaliwa Japani mwaka 1894. Baba yake, Sakichi, alikuwa mtoto wa seremala aliyejipatia sifa kwa kubuni mashine za kufuma nguo. Mwaka 1929 haki za mashine yao ziliuzwa kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza kwa pauni 100,000.

Kiichiro, aliyekuwa amesomea uhandisi, aliona mbali zaidi ya nguo. Mwaka 1933 alifungua idara ya magari ndani ya kiwanda cha mashine za kufuma. Mwaka 1935 lori la kwanza lilitoka, na mwaka 1937 idara hiyo ikawa kampuni kamili ya Toyota.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yaligeuka. Mwaka 1949 Japani, ikiwa chini ya usimamizi wa Marekani, ilibana sana matumizi ili kuzuia mfumuko wa bei. Fedha zikaadimika mifukoni mwa watu.

Toyota ilikuwa ikiuza magari kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo. Wateja wakashindwa kulipa kwa wakati, magari mengine yakakosa wanunuzi, huku kiwanda kikiendelea kudaiwa vyuma, matairi na mishahara. Ni hali anayoijua vizuri mwenye duka ambaye daftari lake la madeni limejaa lakini droo haina kitu.

Mwishoni mwa mwaka 1949 Kiichiro alikubaliana na chama cha wafanyakazi kwamba mishahara ipunguzwe kwa asilimia 10, na kampuni ijitahidi kutomwachisha mtu kazi. Wafanyakazi walitimiza sehemu yao. Kampuni ilishindwa kutimiza yake.

Mabenki yalikubali kuiokoa Toyota, lakini kwa masharti. Kwanza, kazi ya kuuza itengwe na kazi ya kutengeneza. Kampuni ya mauzo ikaanzishwa Aprili 1950. Pili, kiwanda kitengeneze magari yale tu yanayoweza kuuzwa. Tatu, wafanyakazi wapunguzwe. Watu wapatao 1,600 walitakiwa kuondoka. Mgomo mkubwa ukalipuka.

Kiichiro hakuwa na njia ya kuikwepa ahadi aliyoivunja. Juni 5, 1950 alijiuzulu. Hakubaki ofisini huku akiwaonyesha wengine mlango. Hatua hiyo ilisaidia kutuliza hasira, na siku chache baadaye mgogoro ukaisha.

Siku 20 tu baada ya yeye kujiuzulu, Vita vya Korea vilianza. Jeshi la Marekani lilihitaji malori ya karibu na uwanja wa vita, likaagiza 1,000 kwa mara ya kwanza, kisha mengine zaidi. Fedha zikaanza kuingia, na kampuni iliyokuwa ikingoja kufilisika ikasimama tena.

Aliyeshika nafasi yake alikuwa Taizo Ishida, mkuu wa kiwanda cha mashine za kufuma, mtu aliyejulikana kwa ubahili wa kila senti. Ishida aliichukua kazi hiyo kama amana. Alikusudia kuirudisha kwa mwenyewe siku kampuni itakapopona.

Mapema mwaka 1952 Ishida alimwendea Kiichiro na kumwomba arudi kuongoza. Kiichiro alikubali. Lakini kabla hajakalia tena kiti chake, alivuja damu kwenye ubongo, akafariki dunia Machi 27, 1952 akiwa na umri wa miaka 57.

Mwaka huo huo mwanawe, Shoichiro, alijiunga na Toyota. Mwaka 1982 kampuni ya kutengeneza na ile ya mauzo, zilizotenganishwa kwa sharti la mabenki, ziliunganishwa tena, na Shoichiro ndiye aliyekuwa mkuu wake. Nyumba iliyogawanywa na madeni ilirudi kuwa moja baada ya miaka 32.

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, maisha ya Kiichiro yana mafunzo mawili. La kwanza ni la hesabu: mali iliyouzwa kwa mkopo bado si fedha, na kuzalisha bila kujua mnunuzi ni kujichimbia shimo. Masharti ya mabenki yalikuwa machungu, lakini mawili ya kwanza yangeweza kufuatwa mapema, kabla ya kufikia lile la tatu la kuwaondoa watu.

La pili ni la heshima. Kiichiro aliitwa tena kwa sababu alipoondoka alibeba lawama yake mwenyewe. Anayeondoka hivyo, awe bosi au kibarua, huacha mlango wazi nyuma yake. Naye mwenye biashara anayelazimika kupunguza watu akumbuke kuwaita mapema hali ikitengemaa, maana binadamu hana mkataba na kesho.